Sura ya Sita: Kengele ya Waliokwisha Fika

Inspekta Mouhidine alimkuta mtuhumiwa wake akila vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Daoud alikuwa ameketi juu ya mkeka katika chumba cha mahabusu cha kituo cha Moroni, sinia mbele yake: wali wa nazi, samaki wa kukaanga, achari ya ndimu, na chupa ya chai iliyoviringishwa kitambaa isije ikapoa. Mouhidine, ambaye asubuhi ile aliambulia kahawa tupu kwa sababu mkewe alikuwa amenuna, aliitazama sinia ile kwa wivu wa wazi kabisa.

"Kwezi, Daoud," alisalimia, kama mtu wa Komoro anavyomsalimu anayemzidi umri.

"Mbona, inspekta," Daoud aliitikia kwa Kikomoro. "Karibu tule."

"Nani kakuletea?"

"Bweni Voahangy," alisema Daoud, kwa lile neno la Kikomoro la kumwita mwanamke kwa heshima. "Haijapita siku bila kuleta."

"Yaani mama wa kanisa, mwenye kengele iliyoibiwa, ndiye anayemlisha mwizi wa kengele?"

Daoud alitoa mwiba mdomoni bila haraka. "Ana moyo mzuri," alisema.

Kesi yenyewe ilikuwa ndogo. Wakati ndio uliokuwa mbaya. Ulikuwa mwaka wa pili tangu kisiwa cha Nzuani kijitenge, kipandishe bendera yake na kuanza kuiita Moroni nchi ya watu. Huku Ngazija, kila Mnzuani sasa alitazamwa kana kwamba kisiwa amekificha yeye mfukoni. Kengele ya Waanglikana ikapotea. Mlinzi wa mlango wao, Daoud, alikuwa mzaliwa wa Mutsamudu, mji mkuu wa Nzuani. Kamishna Soulé hakutaka kusikia zaidi ya hapo.

"Hao wameiba kisiwa kizima," alikuwa amemwambia Mouhidine. "Kengele itawashinda? Jumatatu kuna meli. Apakiwe arudi kwao."

Lakini kwao Daoud hapakuwa tena Mutsamudu. Mkewe, Chifa, alikuwa mtu wa Itsandra, hapahapa Ngazija, na watoto wao hawakuwa wamezaliwa kwingine. Akipanda meli ile, hakuna aliyejua njia ya kurudi ingefunguliwa lini, au kama ingefunguliwa.

"Ulimwona mwizi?" Mouhidine aliuliza.

"Mwizi sikumwona."

"Kengele ya shaba, ya kushika mkononi, kama ya shuleni. Imetoka katika chumba cha kanisa mchana kweupe, wewe umekaa mlangoni. Hukuisikia?"

"Haikulia, inspekta. Ningeisikia."

"Kengele inatembeaje bila kulia?"

Daoud alimgeuza samaki upande wa pili. "Mambo ya Mungu ni mengi," alisema.

Mouhidine alikuwa amehoji waongo wengi, na alijua kwamba mwongo huongea kama mvua. Huyu alikuwa anapima maneno kama mtu anayeuza dhahabu. Alikuwa na jambo, na alikuwa amelikalia.

Nje ya kituo Chifa alikuwa amekaa chini ya ukuta, mtoto mgongoni. Hakuinuka.

"Mwambie aseme anachokijua," alisema. "Mimi hanisikii. Anasema amekula chakula cha mtu muda wote huu, hawezi kumtemea mate sahanini. Na watoto wangu watakula nini, hiyo adabu yake?"

Mouhidine alimwahidi kwamba atafanya haraka, ahadi ambayo polisi hutoa wakiwa hawajui pa kuanzia.

*

Duka la Bweni Voahangy la kushona lilikuwa karibu na soko la Volovolo. Mwenyewe alikuwa Mmalagasi mwembamba aliyevuka hamsini, miwani imening'inia shingoni kwa ukanda wa mpira wa suruali, pini tatu pembeni mwa mdomo. Aliongea na pini zile mdomoni bila kumeza hata moja, na Mouhidine alijikuta akisikiliza pini kuliko maneno.

Pamoja naye alikuwepo Bwana Appadoo, Mmorisi mnene anayetengeneza majokofu, ndiye aliyepiga ripoti polisi. Walimweleza mambo yao kwa zamu, huku feni ya dari ikipeperusha vitambaa vyote dukani.

Waanglikana wa Komoro, Mouhidine alielewa, walikuwa wachache kiasi cha kuenea sebule moja, na wote walikuwa wageni: Wamalagasi, Wamorisi, Watanzania kidogo. Walisali katika chumba cha kupanga kwenye barabara ya Itsandra, kimyakimya, kama wageni walivyotakiwa kusali. Kengele ilipigwa ndani, milango ikiwa imefungwa. Kwa maneno mengine, iliwaita waliokwisha fika.

"Sasa faida yake nini?" aliuliza.

"Si ya kuita," alisema Appadoo, akijifuta jasho. "Ni ya kuthibitisha. Kila mwaka tuna mkutano mkuu. Tunachagua halmashauri ya kanisa, mzee wa kanisa, katibu, mjumbe wa kwenda sinodi ya dayosisi, wote. Padri anakuja kutoka Madagaska kusimamia. Tukimaliza kupiga kura, kengele inapigwa. Isipopigwa, uchaguzi haukuwa. Ndivyo alivyotuwekea padri wa kwanza, na kengele ni yake."

"Na kengele nyingine haifai?"

Wote wawili walimtazama kwa huruma.

"Na waliochaguliwa mwaka jana?"

"Wanaendelea," alisema Bweni Voahangy, akatoa pini moja mdomoni na kuichomeka kwenye pindo. "Hata kama wamechoka. Mimi nimechoka, inspekta. Mzee wa kanisa miaka yote hiyo. Kuketi vikao, kusuluhisha ugomvi, kumwandalia padri chumba. Nimewaambia mwaka huu nitueni."

"Vyeo viko vingapi?"

"Vingi kuliko waumini," alisema Appadoo kwa uchungu. "Mimi ni mweka hazina. Pia nimo katika kamati inayomchunguza mweka hazina. Tunaelewana, lakini inachosha."

"Nani angetaka mkutano usifanyike?"

"Mhando," Appadoo alijibu kabla swali halijapoa. "Fundi wa injini, Mtanzania, yuko Mutsamudu. Nusu ya kanisa letu iko kule. Alikuja mara ya mwisho juma lilelile kengele ilipopotea, kabla safari hazijawa ngumu, akaondoka na mfuko mzito. Na huyu Daoud ni mtu wa kulekule. Jumlisha mwenyewe. Si kweli, Mama Mzee?"

Mouhidine aliona jambo dogo. Mteja aliyetangulia kuingia alimwita mama yule fundi, naye aliitika akiwa amejikunja juu ya cherehani. Appadoo alipomwita Mama Mzee, mgongo ulinyooka wenyewe. Kwenye kona nyuma yake iliegemea fimbo nyeusi yenye kichwa cha shaba, fimbo ya cheo chake kanisani, imepakwa mafuta mpaka inang'aa.

"Sipendi kumshuku mtu," alisema Mama Mzee.

Juu ya kaunta alisimama mwanasesere mwenye urefu wa kutoka kiwikoni hadi kiganjani, amevikwa shiromani, lile vazi la wanawake wa Nzuani, nyekundu na nyeupe, limefunika mpaka chini. Tangu ghasia za siasa zianze, Mouhidine hakuwa ameona shiromani mtaani Moroni.

"Siku hizi kuna anayenunua hii?"

"Hayupo."

"Basi kwa nini umemweka mbele?"

"Rangi tu, inspekta. Duka linataka rangi."

Alilipokea jibu hilo, akalisahau. Baadaye alijilaumu sana, maana feni ilikuwa inapeperusha kila kitambaa dukani na mwanasesere yule hakutikisika hata kidogo.

*

Ndege ndogo iliyompeleka Mouhidine Nzuani kumtafuta Mhando ilitua Ouani, uwanja wa kule, ilipotaka, si ilipopangiwa. Askari wa serikali mpya ya Nzuani aliketi nyuma ya meza ya shule, muhuri mkononi.

"Shabaha ya safari?"

"Kununua karafuu," alisema Mouhidine.

"Si msimu wake."

"Nitasubiri."

Askari aliinama akachungulia chini ya meza. "Wewe ni polisi," alisema. "Viatu hivyo waligawiwa polisi wa Moroni. Kaka yangu alikuwa navyo kabla hajatoroka. Vinaumiza hapa pembeni, au siyo?"

"Vinaumiza," Mouhidine alikiri.

"Unamtafuta nani?"

"Kengele."

Askari alifikiri. Katika mafunzo aliyopewa kuhusu majasusi hapakuwa na somo la kengele. Akapiga muhuri. "Ukiipata, pita hapa niione," alisema.

Mouhidine alishuka kwenye teksi Hombo, mtaa wa Mutsamudu, nyuma ya hospitali, na hata kabla hajauliza njia alisikia mlio. Ngaa, ngaa, ngaa, mlio wa chuma, wazi, kutoka kwenye gereji iliyokuwa mwisho wa kichochoro. Moyo ulimruka. Alikimbia, viatu vikimuuma, akaingia gereji akiwa ameshika kitambulisho juu.

"Asiguse mtu hiyo kengele!"

Watu watano waliokaa kwenye viti vya gari walimgeukia. Mbele yao alisimama pande la mtu lenye spana mkononi. Kando yake, kutoka kwenye boriti, ilining'inia ringi ya lori.

"Hii?" aliuliza yule mtu kwa Kiswahili cha Muheza. "Hii huwezi kuiba peke yako, bwana. Utahitaji winchi."

Huyo ndiye Mhando. Mouhidine alikuwa amekulia Unguja, kwa hiyo alijibu kwa Kiswahili hichohicho, na Mhando akafurahi kana kwamba amekutana na ndugu. Aliagiza chai. Alimkalisha kwenye kiti cha mbele cha teksi iliyokufa.

"Nina shida moja tu," Mouhidine alisema. "Uliondoka Moroni na mfuko mzito."

"Plagi na gasketi. Ndizo hizo mezani." Kweli zilikuwepo. "Kengele yetu imepotea? Masikini Mama Mzee. Lakini sisi haituhusu tena. Tumejitenga."

"Na nyinyi pia?"

"Tumekaa kikao hapahapa, tukasali, tukapiga kura, tukajitoa halmashauri ya Moroni. Ringi ikapigwa. Basi."

Mouhidine alishusha kikombe. "Kwa hiyo ni siasa. Mnaunga mkono serikali ya hapa."

Mhando alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Siasa ipi, bwana wee? Mimi mtu wa Muheza, huyu wa Tamatave, huyu wa Port Louis. Tukijitenga sisi, nani atatambua? Ngoja nikwambie, maana naona hujui kanisa letu. Kwetu, asiyehudhuria mkutano mkuu ndiye anayechaguliwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hayupo kukataa. Aliyepo atasema mgongo unamuuma, mama yake mgonjwa, hajui Kifaransa. Asiyekuwepo hasemi kitu. Huyu hapa alikwenda kumzika baba yake, akarudi katibu. Appadoo mwaka mmoja alikuwa amelazwa, akachomoa sindano ya maji akaja mkutanoni na mguu wa plasta. Umeona watu wanavyohudhuria kwetu? Askofu anadhani ni imani."

Wale watano walitikisa vichwa kukubali, na yule katibu akatazama chini.

"Sasa piga hesabu yako ya kipolisi," Mhando aliendelea. "Bahari imefungwa, na nauli ya ndege hatuiwezi. Moroni hatufiki. Mwaka huu tusiokuwepo ni sisi wote. Tungeamka asubuhi mimi mzee wa kanisa, huyu katibu tena, yule mjumbe wa sinodi, na hakuna hata mmoja anayeweza kufika kwenye kiti chake. Tukaona heri tujitoe. Mtu asiye wa kwenu humchagui."

"Moroni wanajua?"

"Simu zenyewe unazijua. Tulimtuma baharia mmoja akawaambie, nasikia yeye kazuiliwa kisiwani Moheli, anadaiwa kuwa jasusi."

Kitu kilikuwa kinajipanga kichwani mwa Mouhidine, polepole, kama mtu anayetafuta funguo gizani kwa kupapasa.

"Mzee wa kanisa wa sasa anasema amechoka," alisema.

"Kila mwaka anasema. Kila mwaka tunamwacha palepale, maana kazi anaijua na sisi hatuitaki. Lakini mwaka huu Moroni walikuwa wamekwisha patana wamtue. Majina ya wasiokuwepo mwaka huu yalikuwa yanatosha, cheo wangempa mmoja wetu. Appadoo aliniambia mwenyewe. Walitaka iwe zawadi kwake."

"Naye alijua?"

"Walimwambia. Nasikia alilia. Kwa furaha, walisema."

Mouhidine aliweka kikombe chini kabisa. Chai ilikuwa nzuri, lakini hakuwa na nafasi nayo tena.

Kule Ouani, akisubiri ndege, aliyapanga mambo kwa sauti ya chini, huku yule askari akiegemea meza kumsikiliza. Kengele imetoka bila kulia, kwa hiyo aliyeichukua alikuwa na muda na vifaa vya kuinyamazisha. Daoud hakumwona mwizi, lakini alimwona mtu. Mtu huyo si mwizi machoni pa Daoud, kwa sababu kengele iko chini ya dhamana yake. Kengele isipopigwa, waliopo wanaendelea. Kila Mwanglikana wa Moroni alitaka uchaguzi uishe upesi, wabebeshwe watu wa Mutsamudu. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

"Na kengele iko wapi?" askari aliuliza.

"Dukani, mbele ya macho ya watu. Imevaa nguo zenu."

*

Jumapili asubuhi, kabla ya mkutano, Mouhidine aliingia duka la Bweni Voahangy na kusimama mbele ya kaunta.

"Namtaka mwanasesere huyu," alisema. "Binti yangu atampenda."

Mama yule alikuwa amevaa gauni jipya la kijani, limekaa vizuri mabegani. Mikono ilisimama juu ya kitambaa. "Huyo hauzwi."

"Nilijua. Umemvika nguo ambayo hakuna mtu Moroni angethubutu kuishika. Umefikiri vizuri, bweni. Hana miguu lakini anasimama. Feni haimtikisi. Ni mzito wa chini."

Alimnyanyua kwa kichwa. Chini ya shiromani shaba ilimetameta. Haikutoa hata mlio.

Bweni Voahangy alikaa kwenye kiti chake cha cherehani. Hakukana. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nilitaka siku chache tu," alisema. "Padri aje, aone hakuna kengele, aseme tuendelee tulivyo. Sikujua Appadoo atakwenda polisi. Sikujua watamkamata Daoud. Kila siku ninapopeleka sinia nasema leo nitasema. Nikifika pale namwona kamishna, ulimi unakauka."

"Yeye alikuona?"

"Alinifungulia mlango. Nilimwambia naipeleka kuisafisha."

"Na kwa nini, mama? Si umechoka?"

"Nimechoka," alisema, kisha sauti ikavunjika. "Mji huu mimi ni fundi. Fundi punguza hapa, fundi ongeza pale, fundi umechelewesha nguo yangu. Siku moja katika juma naingia chumba kile na fimbo ile, watu wanasimama. Waliponiambia wananitua mzigo, nilirudi nyumbani nikajiuliza Jumapili nitakuwa nani."

Mouhidine alikuwa na hasira aliyokuja nayo, na hakuitaka ipotee bure. "Chifa, mke wa Daoud, yuko chini ya ukuta wa kituo mpaka sasa na mtoto mgongoni," alisema. "Kesho mumewe anapakiwa melini kwa ajili ya fimbo yako. Hilo nalo ulijiuliza?"

Mama yule aliinamisha kichwa na kulia kimya, pini zikiwa bado mdomoni, hali iliyomtia Mouhidine wasiwasi mkubwa.

"Toa pini kwanza," alisema kwa upole. "Sasa sikiliza. Utakwenda kituoni wewe mwenyewe, useme mbele ya kamishna kwamba kengele ilikuwa kwako, wewe ndiye mwenye dhamana, hakuna wizi. Daoud atoke. Itachukua muda. Soulé husoma kila kitu mara mbili."

"Mkutano unaanza sasa hivi."

"Utaukosa. Na jambo la pili: Mhando na wenzake wamejitoa kwenye halmashauri yenu. Si wa kwenu tena."

Alimtazama bila kuelewa. Kisha, kidogo kidogo, akaelewa.

"Kwa hiyo asiyekuwepo mkutanoni leo..."

"Mimi ni Mwislamu," alisema Mouhidine. "Kanuni zenu sizijui. Chukua mwanasesere wako twende."

Kamishna Soulé aliwapokea bila furaha. "Kama haikuibiwa," aliuliza, "tulimfunga mtu kwa nini?"

"Kwa sababu ni Mnzuani, kamishna."

"Hilo usiliandike," Soulé alisema, akavuta karatasi ya kumwachia Daoud na kuanza kuisoma mara ya kwanza.

*

Mouhidine alitangulia kwenye chumba cha barabara ya Itsandra. Viti vyote vilikuwa vimejaa. Appadoo alikuwa ameletwa na kiti chake, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, meno yakigongana kwa malaria.

"Nipo," alisema kila dakika mbili, asije mtu akasahau.

Padri kutoka Madagaska, mtu wa makamo mwenye macho ya usingizi, alisikiliza habari ya Mutsamudu. Mouhidine alipomaliza, chumba kilipoa. Wabeba-vyeo wote waliotegemewa walikuwa wamekwenda zao. Watu walianza kutazamana, kila mmoja akikohoa, akishika kiuno, akikumbuka mama mgonjwa.

"Na kengele?" padri aliuliza.

"Iko njiani. Inakuja na Daoud. Mama Mzee ndiye amekwenda kumtoa."

"Mama Mzee hayupo?" alisema Appadoo kutoka ndani ya blanketi.

Chumba kilipumua. Mouhidine hakuwahi kuona uchaguzi mwepesi kama ule. Mikono iliinuka kabla padri hajamaliza jina. Mzee wa kanisa, Mama Voahangy. Mjumbe wa sinodi, Mama Voahangy. Mwenyekiti wa kamati ya kumpokea mjumbe wa sinodi akirudi, Mama Voahangy. Kijana mmoja wa Tamatave alikuwa ametoka nje kujisaidia. Aliporudi alikuta yeye ni katibu, akakaa bila kusema neno.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Daoud aliingia kwanza, amekonda kidogo licha ya masinia yote yale, akakaa kwenye kiti chake cha mlangoni kama mtu aliyetoka dukani. Mouhidine alimsogelea.

"Ungepakiwa melini," alimnong'oneza. "Neno moja tu ungesema."

"Mwaka ule watu walipoacha kunisalimu," Daoud alisema, "yeye alinipa kazi hii. Hawa wanasali milango imefungwa, inspekta. Mlinzi hawakumhitaji."

Chifa alikuwa nyuma yake. Alimpa Bweni Voahangy sinia tupu, mkono kwa mkono, mbele ya wote.

"Chakula kilikuwa kitamu," alisema. "Usiniletee tena."

Bweni Voahangy aliipokea. Aliiweka kengele juu ya sinia, akatembea nayo mpaka mezani kwa padri, mgongo umeinama kama wa fundi.

"Umechaguliwa," padri alimwambia. "Kwa kura zote. Thibitisha."

Alishika mpini, akainua, akapiga. Kikasikika kishindo kidogo, kama mtu aliyegonga mto kwa kiganja. Akapiga tena. Kishindo kilekile.

Chumba kizima kilitazama. Mama Mzee aliipindua kengele. Ndani, ulimi wake ulikuwa umefungiwa sufi na kushonewa kitambaa, mshono mzuri, wa mkono, wa kurudi nyuma, mshono ambao kila mwanamke pale alikuwa nao kwenye gauni lake. Hakuna aliyehitaji polisi kuutambua. Mama Mzee aliuma uzi kwa meno, akauvuta, akaanza kutoa sufi kidogo kidogo, akiipanga kando ya msalaba, uso umemwiva, machozi yakimdondokea juu ya shaba.

Mouhidine aliona katika kila uso swali likija na kusimama kwenye ncha ya ulimi. Pia aliona walipokumbuka. Anayemtuhumu mzee wa kanisa anamwondoa. Akiondolewa, kiti kitakuwa wazi, na leo kila mtu amehudhuria, kwa hiyo kitamwangukia mmoja wao.

"Unyevu," alisema Appadoo, akitetemeka. "Msimu huu unaingia kila mahali."

"Unyevu," padri alikubali.

"Hata kwangu umeingia," alisema katibu mpya.

Mlangoni Daoud aligeuza uso, na mabega yake yakawa yanacheza kwa kicheko alichokuwa akikizuia. Chifa hakucheka, lakini alimshika mumewe mkono.

Mama Mzee alimaliza kutoa sufi. Alifuta uso kwa pindo la gauni jipya, akanyoosha mgongo, akaipiga kengele mara tatu, na kila aliyekwisha fika akaisikia.